Daftari la Jumuiya ya Mtakatifu Monika

Mimi ni katibu. Kazi yangu ni alama:
vema kwa aliyefika, mkasi kwa asiyefika.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu alfajiri,
wiki hii kwa Mahungo, wiki ijayo kwa mama Edeltruda,
mkeka mmoja, mabenchi mawili ya kuazima,
mshumaa ndani ya kikombe cha bati
maana upepo wa Bahi hauheshimu sala.
Tunasoma Injili. Tunanyamaza. Mtu anakohoa.
Mwenyekiti anauliza, "Neno gani limekugusa?"
na kila juma mzee Ndahani anaguswa na lilelile: mkate,
hata siku ambayo mkate haukusomwa.
Kisha michango: ya seminari, ya bati la sakristia,
ya mafuta ya pikipiki ya Padre.
Kisha nafungua daftari, naita.

Leokadia Chedego.
Kimya.
Mkasi.

Jumapili rimu ya lori inagongwa mkwajuni mara tatu.
Padre huja Jumapili ya pili ya mwezi,
Mungu akipenda na tairi likikubali;
zilizobaki ni za katekista Sabas
na sauti yake ya kuitia ng'ombe.
Ibada ikiisha, mnada nje, juani:
kuku wa Yovita, debe la uwele, boga lenye kovu,
zabibu nusu sahani.
"Elfu mbili mara ya kwanza!"
Anayenunua mayai anayarudisha, yanauzwa tena,
mayai yaleyale, mpaka yanamshinda bei hata kuku aliyeyataga.
Tunacheka. Nikisema kweli,
hapo ndipo ninapomwamini Mungu kuliko kwenye mahubiri.
Leokadia alikuwa haoni mnada.
Akishaamkia sanamu ya Mama Maria, huyo,
kanga yake inakata shamba.
Mwenye mfuko mtupu hasimami penye bei.

Tangu Kwaresima, mkasi chini ya mkasi,
safu nzima kama ua la miiba.
Na kanuni tunaijua, tuliipitisha wenyewe,
mikono juu, nami nikahesabu mikono:
asiyeshiriki jumuiya, jumuiya haimziki.

Akafa Jumanne, kwa kifua,
uwele ukianza kutoa masuke.

Padre akaja kabla ya Jumapili yake,
vumbi mpaka kwenye kope.
Akaniuliza mlangoni pa tembe, stola bado mkononi,
"Katibu, huyu mama alikuwa anahudhuria?"
Daftari lilikuwa kwapani, linanichoma jasho.
Nikasema, "Alihudhuria, Padre."
Mwenyekiti akatazama viatu vyake.
Tukamzika. WAWATA walivaa sare.

Jumamosi ile nikapita kanisani kuchukua mshumaa.
Mavi ya popo juu ya altare.
Mchanga umelala kwenye mabenchi kama waamini waliowahi.
Kwato za mbuzi, moja, moja,
mpaka ngazi ya kukomunikia.
Ukutani ipo orodha ya zamu za usafi,
niliiandika mimi, kwa kalamu nyekundu,
na sijapata kumwona mtu akiifuata,
wala sijapata kujiuliza.
Nyuma ya mlango wa sakristia, ufagio wa nyasi
umefungwa kwa pindo la kanga ninayoijua.
Nyasi zimelika upande mmoja,
upande wa mkono wake wa kushoto.

Padre atarudi. Nitapiga magoti.
Sijui nitaungama uongo upi,
ule wa mlangoni pa tembe
au ule nilioandika kwa mwandiko mzuri, juma kwa juma.

Nikafagia. Nilifagia vibaya, mgongo haujazoea.
Nilipofika kwa mama Edeltruda wamekwisha soma,
suruali yangu nyeupe magotini.
"Katibu, umechelewa."
Nikakaa ukingoni mwa mkeka, nikafungua daftari,
nikatafuta jina langu,
nikatia mkasi.
Mzee Ndahani alikuwa amesimama tayari.
"Mimi," akasema, "nimeguswa na neno mkate."