Nane kwa Kumi

Oda imeingia saa nne usiku, nambari mia nne na saba,
kutoka Doha: Beryl Apondi, picha moja,
nane kwa kumi, karatasi isiyong'aa,
ipelekwe Katito, kwa mama, kabla ya Jumapili.
Imeshalipiwa.

Nafungua faili. Ndogo kama punje ya wimbi.
Imepita simu tatu, kila simu imemega kipande,
na nyuso za watu zimegeuka vigae.
Namwandikia: dada, nitafutie ile ya kwanza,
iliyotoka kwenye kamera, usiipitishe popote
isije ikakanyagwa tena njiani.
Inafika saa tano na nusu. Hii sasa ina nyama:
naona mshono wa kola, naona jasho,
naona nzi aliyetua kwenye ukingo wa sinia.

Huku juu, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Ang'awa,
feni inazungusha joto lilelile la mchana.
Chini, muuza mahindi anazima jiko lake kwa maji.
Nimevaa shati jeusi, pazia nimeshusha,
maana rangi ya nguo hurukia skrini,
kesho mteja akauliza mbona ukuta wa kwao umekuwa kijani.
Aliyenifunza kazi, Nyagudi, mtu wa hasira na soda,
alinigonga vidole kwa rula:
skrini inawaka, karatasi haiwaki!
Basi napandisha mwanga, nachapa kipande cha kiganja,
nakipeleka koridoni, chini ya balbu ya kawaida,
kwani Katito hakuna atakayeitazama kwa taa yangu.
Bado giza. Narudi. Napandisha tena.

Maelezo ya oda yanasema: mama mng'arishe kidogo.
Mstari huo nimeusoma mara mbili.
Mama amekaa katikati, gauni la zambarau,
weusi wake umeiva, una buluu ndani yake
kama biringanya lililooshwa sasa hivi.
Kamera ndiyo iliyokosea, ikaupaka jivu.
Nalifuta jivu, weusi nauacha.
Huko ndiko kung'arisha ninakokujua.

Kisha hesabu. Picha ni tatu kwa mbili,
karatasi ni nane kwa kumi, hazioani;
ikijaa karatasi yote, inchi mbili zitadondoka.
Kushoto yuko mjomba na redio mapajani,
ameishika kama mtoto mchanga.
Kulia, nusu hatua nje ya wenzake,
msichana ameinama na birika,
ananawisha wageni, mdomo wazi
kama aliyeitwa ghafla.
Naandika: dada, nikate upande gani?

Anaandika. Anaacha. Anaandika.
"Wa kulia. Huyo ni mimi.
Mama ananijua, hana haja ya kuniona na birika."

Nakaa.
Mkono uko kwenye kipanya, mstari wa kukatia umeshuka
kati ya kiwiko na shingo:
birika limebaki ndani, uso umetoka nje.
Maji yanawamwagikia wageni mikononi
na hakuna anayeyamwaga.

Sikati.
Naipunguza picha nzima, iingie na watu wake wote,
mjomba, redio, nzi, kiwiko, mdomo wazi,
na juu na chini naacha weupe
wa upana wa kidole gumba.
Simuulizi. Nachapa. Nasubiri wino ukauke.
Juu ya bahasha naandika kwa kalamu nene: ISIKUNJWE.

Jumatatu, ujumbe kutoka Doha.
Kuhusu birika, hakuna neno.
"Mama ameipokea. Anauliza ule weupe ni wa nini,
au karatasi ilikuwa imebaki?"

Mwambie, namjibu,
ni pa kushikia.