Muhuri wa Mlangoni

Saa tatu usiku, makumbusho hayajafungwa.
Mimi ndiye mgonga muhuri:
wino wa buluu, kifundo cha mkono, pita.
Wasichana wa Upanga wanaupuliza ukauke,
wanacheka, wanaipiga picha mikono yao.

Mama, kule Mishamo, alipochovya dole gumba
hakuliosha siku tatu.
Alisonga ugali kwa mkono mmoja
asije akafutika daftarini.

Ndani, Sabushimike anakaza nyuzi za inanga.
Hajaanza kupiga, anakaza tu,
na tayari koo langu limekazwa.

Mwongozaji anamulika tochi:
"Sufuria hii ilitembea siku kumi na moja.
Tafadhali msiguse."
Kundi linasogea. Sufuria inabaki gizani.
Imezoea.

Saa sita kasoro nahesabu wanaotoka.
Waliingia mia mbili na kumi na wanne.
Wametoka, nimerudia mara mbili,
mia mbili na kumi na watatu.

Yuko chumba cha mwisho, bibi wa kitenge cha zambarau,
kaketi sakafuni, mgongo umenyooka,
viatu kavivua, kavipanga ubavuni.

"Shikamoo, bibi. Tunafunga."

"Marahaba. Jina langu bado halijasomwa."

Funguo ninazo. Swichi ya taa iko hapa, usawa wa bega.
Inanga imeshaingia mfukoni mwake,
na huko nje dereva wa bajaji anapiga honi.

Nachukua daftari la wageni, nachuchumaa,
napitisha kidole mstari kwa mstari,
taratibu, kama walivyokuwa wakifanya wale,
kisha namuuliza:
"Linaanzaje?"