Alama za Chupa Nyeusi

Kwa siku natema vikombe mia tatu.
Ndiyo kazi: kijiko, mfyonzo wa kelele,
chai izunguke kinywani kama mgeni anayekagua nyumba,
kisha tuu! kwenye ndoo ya shaba,
na Mghoi nyuma yangu anaandika:
Kericho, ng'avu. Nandi, imelala. Meru, ina moshi.
Ulimi wangu una mshahara.
Koo langu halina.

Jana Bwana Hartley, mnunuzi kutoka Hull,
aliniachia chupa ya bia iliyovikwa soksi ya sufu.
Soksi ya sufu, Mombasa, mwezi wa Februari!
Kwenye kibandiko, farasi aliyechoka.
"Usiitie barafu," akasema, "utaiua."
Basi ikakaa mezani, ikapata joto kama sisi wengine.

Saa kumi na moja, mnada umefungwa,
tukapanga bakuli nyeupe za kazi, maana bilauri hatuna.
Mwaluma akaing'oa kizibo kwa ufunguo wa kabati.
Mzee Premji, aliyenifunza kutema, akavuta kiti.
"Mimi nanusa tu."
Dini yake na daktari wake wamepatana kwa hilo.

Rangi. Nilidhani nyeusi.
Nikaiinua dirishani, ikawa nyekundu pembeni,
ukwaju uliolala majini usiku kucha.
Povu zito, halina haraka.
Nane, nikasema. Mghoi akaandika nane.

Harufu. Boflo iliyoungua chini, sukari guru,
na Mzee Premji, macho kayafumba:
"Ghala la Shimanzi, mwaka ule mvua
ilipoingia kwenye magunia ya kahawa."
Fomu haina safu ya hilo. Tukaandika saba.

Ladha.
Nikafyonza, nikazungusha,
nikatema!
Mazoea. Wakacheka hadi bawabu akapanda ngazi.

Mara ya pili nikameza.
Ilianza tamu, utamu wa kukopea,
kisha ikageuka: chungu. La,
tungu, kama alivyotamka bibi yangu kule Kisauni
akinibana pua, kikombe cha mwarobaini mkononi:
"Meza. Homa haipendi tungu."

Mwaluma akasema mnazi hukupa habari zako mlangoni,
hii inangoja ufike kwako ndipo iseme.
Akaipa nne.
Akamaliza bakuli lake, na langu akaliangalia.

Nami nikatafuta kosa, ndio ustadi wangu.
Kosa sikuliona, niliona ukaidi.
Watu gani hawa, nikawaza,
wanaokunywa giza vuguvugu huku mvua inawanyeshea,
kisha wanavuka bahari kununua chai yetu
na kuitia sukari?

Sita, nikasema. Mghoi akaandika sita.

Usiku, Tudor, nilikula samaki wa kupaka.
Nazi ikapita, ndimu ikapita,
uchungu ukabaki ukingoni mwa ulimi
kama mpangaji aliyelipa miezi mitatu mbele.
Nikapiga mswaki mara mbili.

Leo asubuhi, kikombe cha kwanza,
nimeiita ng'avu chai iliyolala fofofo.
Mzee Premji akanitazama juu ya miwani
wala hakusema neno, jambo ambalo ni baya zaidi.

Nikafungua daftari, ukurasa wa nyuma,
nikaikata ile sita kwa mstari mmoja.
Mghoi, kalamu hewani:
"Ngapi sasa?"