Ufunguo wa Kutambua Jani Lisilotaka Kukauka

1. Jani lina kikonyo, au halina?
Halina. Limechomoza ardhini lenyewe
kama panga lililosahauliwa shambani.
Nenda namba mbili.

2. Jani ni bapa, au ni duara?
Hapa nilikwama, Jumanne, saa nne asubuhi,
feni ya chumba cha sampuli ikizunguka kwa kusitasita,
lenzi ikinigusa kope.
Chini lina mfereji, kidole cha mtoto kinalala humo.
Juu linajikunja, linafunga mlango, linakuwa mwiba.
Bapa, kisha duara. Kitabu kinataka moja.
Nenda popote.

Aliyelileta ni Kibwana, muuza miche wa kando ya barabara, Mwenge,
amelisokomeza ndani ya mfuko wa saruji.
"Mama, wateja wa Mbezi wanataka yuka.
Hii si yuka ya kienyeji?"
Nikamwambia: yuka ina shina, na kengele nyeupe zinazoinama,
na huko kwao ina nondo wake wa kuichavusha.
Hapa hana njia ya kuja. Inachanua bure kwenye mageti ya watu.
Huu shina lake limo udongoni, linatambaa
kama mdaiwa apitaye vichochoroni,
na maua yake hufunguka usiku,
ukichelewa kuamka umeyakosa.
Akasema, "Kwa hiyo niuze shilingi ngapi?"

3. Ukingo wa jani una rangi, au hauna?
Unayo: mstari mwekundu, mwembamba,
wino wa mwalimu wa hesabu.
Urefu sentimita sitini na mbili. Upana, inategemea unapopima.

Nikaenda ulikokatwa, Pugu,
nyuma ya machimbo ya udongo mweupe.
Nikamkuta Mwanaidi Pongwa, rika langu, simu kifuani,
anagonga majani juu ya jiwe, anayakwangua nyama,
nyuzi zinatoka ndefu, nyeupe, zinanuka tango.
Mnauitaje?
"Mkonge."
Mkonge ni ule wa mashambani, nikasema, wenye mistari na matrekta.
Akanitazama kama mtu aliyekosea nyumba ya msiba.
"Ule ulikuja na meli, hauna jina.
Ukaazima la huu.
Mpaka leo haujarudisha."
Akaendelea kugonga.

4. Jenasi.
Miaka ishirini na sita nimeandika Sansevieria,
mkono wangu unalijua jina hilo hata gizani,
ile S ya kwanza kama nyoka anayenyanyuka.
Kisha wenye maabara wakasoma chembe za urithi
wakasema hapana, ni Dracaena,
ukoo wa miti ile mirefu wanayoipanda kwenye mipaka ya viwanja.
Sibishi. Damu ikisema, imesema.
Nimekata vijikaratasi, nimepaka gundi,
kabati baada ya kabati, mpaka vidole vikashikana.
Kanuni yetu ni hii: lebo ya zamani haibanduliwi.
Mpya inakaa pembeni yake, na tarehe, na jina la aliyebadili.
Kwa hiyo kila mmea humu unajua umewahi kuitwa nani.
Sikupata pa kuandika neno la Mwanaidi.
Nimelibana kwenye kona, chini ya "Maelezo mengine":
*mkonge; wa kwanza.*

Majani mengine hukauka kwa siku nne kati ya magazeti.
Hili nililifunga mwezi wa Shaabani,
mbao mbili, mikanda, na juu yake matofali ya jirani.
Leo Idi imepita, nimefungua.
Gazeti limelowa, limeota ukungu,
na kitako cha jani kimetoa mzizi,
mweupe, mnene kama kiberiti,
umetoboa ukurasa wa michezo,
timu moja nimeikuta haina golikipa.

5. Sampuli imekauka, au haijakauka?
Ufunguo hauna swali hili, nimeliongeza mimi.
Kwenye fomu, mbele ya "Hali", nimeandika *hai*,
kwa penseli,
nikatoka kwenda kutafuta kopo la rangi lililotoboka.