Inchi Mbili na Nusu

Ghorofa ya tatu, duka la vyombo vya umeme kando ya stesheni,
Sapporo, theluji ya Februari inaniyeyukia mabegani.
Nimesimama mbele ya kabati la kioo
Jumamosi ya nne mfululizo.
Kijana wa duka, beji yake imeandikwa Nagamine,
hanisalimu tena kama mteja.
Hunisalimu kama jirani.

Kimo ndani, chembamba
kama sabuni iliyoogewa wiki mbili.
Nyimbo elfu mbili, asema, na video za saa nane,
betri ya kushinda na kukesha.
Yeni elfu ishirini na tisa na mia nane.
Nina pointi kwenye kadi, masazo ya kununua jiko la wali,
zitapunguza elfu tatu. Hesabu hiyo nimeipiga
hata juu ya ngazi kazini, nikibadilisha taa za barabarani,
balbu moja mdomoni mwa glavu, nyingine mkononi,
na upepo ukinikumbusha kodi ya nyumba.

Mfukoni ninacho kikongwe changu.
Kinakula visahani, kila kimoja dakika sabini na nne.
Viko sitini na vitatu, nimeviandika majina kwa wino
kwa mwandiko wa enzi nilipokuwa na nywele.
Kitufe cha kusimamisha kimezama,
nakibonyeza kwa ncha ya ufunguo.
Kifuniko kimefungwa kwa mpira wa kufungia mboga.

Kipya kinyemi ingawa kidonda.
Usiache mbachao kwa msala upitao.
Wahenga hao! Mmoja anivuta mkono wa kulia,
mwenziwe wa kushoto,
na bei hawaiulizi.

Kinuyo hasikii, tangu mwaka wa ile homa.
Jumapili twapanda treni kwenda Asahikawa kwa mama yake,
saa moja na nusu, yeye dirishani,
mimi na nyaya zangu masikioni:
nimekaa, na nimekwisha ondoka.
Halafu, tukikaribia Takikawa, hunyoosha kidole
akakiweka juu ya kikongwe, hapa mfukoni,
akihisi kisahani kinavyozunguka,
kinavyopapasa njia, kikakwama,
kikashika tena.
Huniuliza kwa mikono: Huu ni wa haraka?
Namwandikia kiganjani: Wa polepole.
Mwanamke kakosa basi.
Hucheka kicheko ambacho yeye mwenyewe hajui ukubwa wake,
na behewa zima hugeuka.

Basi leo nimemwuliza Nagamine swali asilofundishwa:
Je, hiki hutetemeka?
Akatabasamu kwa fahari. Hata chembe, mzee.
Ndani hamna kinachozunguka.
Nikakiona kidole cha Kinuyo
kikitua juu ya sabuni iliyolala.

Nikafunga koti. Nilikwisha mpa mgongo
kijana alipokiwasha, labda kwa kunihurumia,
labda kwa kuwa msimamizi alikuwa akitazama.
Mwanamke fulani, mdogo kama stempu, anavua glavu.
Anasema jambo. Maneno yanapita chini yake kama sisimizi.
Spika za duka zilikuwa zikinadi mashine za kufulia,
sikusikia hata silabi ya yule mwanamke,
na huzuni yake niliielewa yote,
hadi ile glavu ya pili aliyoshindwa kuivua.

Ndivyo aonavyo, nikawaza. Hivi hasa.
Miaka kumi na mmoja nipo naye kiti kimoja
na sijawahi kuketi upande wake.

Ila kioo ni inchi mbili na nusu tu, asema Nagamine,
sauti chini, kama anayeungama.
Na ukikitazama kwa pembeni rangi hufifia.
Watu wawili wakitaka kuona pamoja
itabidi vichwa vigusane.

Mkono ulikuwa mfukoni, juu ya kikongwe,
nacho kinazunguka, sikuwa nimekizima.
Nikamwambia: Hapo pa mwisho, hebu rudia.

Akadhani nauliza bei.