Mkanda Namba Kumi na Saba

Lugome alianguka Jumanne, ghorofa ya kumi na moja,
Kariakoo, upande unaotazama Mtaa wa Swahili.
Ubao uliteleza. Yeye hakufika popote:
mita mbili hivi, kisha mkanda ukamnyaka,
akaning'inia juu ya wauza ndoo
kama shati lililosahauliwa kambani.
Kofia ikatangulia chini peke yake.

Leo ameurudisha stoo, ameufua kwa sabuni ya mche.
"Mzima huu. Nipe huuhuu, nimeuzoea."

Sikudhani hajibu. Anapitisha kidole mshono kwa mshono,
mapajani, kifuani, hadi pete ya mgongoni.
Kifuko cha kamba kimefumuka, nyuzi nje
kama utumbo wa samaki.
Anachukua kisu, anaukata vipande vitatu.

"Umekudaka mara moja. Ndiyo ahadi yake yote."

Anamvika mpya. Anakaza mapajani:
kiganja kipite, ngumi isipite.

"Na kulabu?"
"Juu ya kichwa."
"Kwenye nini?"

Lugome anaikumbuka Jumanne ile, asubuhi, uvivu wake,
nusura aipachike kwenye bomba la maji.

"Kwenye boriti," anasema,
koo limemkauka.