Daftari la Sikujua

Shangazi yangu anaitwa Sikujua.
Bibi alimpa jina hilo mume alipoondoka
na mimba ikabaki. Halihusiani na biashara,
ingawa nitalirudia.

Ana meza Mtaa wa Kongo, hatua sita kutoka kwa muuza soksi:
liwa imefungwa kwa gazeti,
manjano ya Muheza, shubiri ya asubuhi
bado inachuruza ute,
mafuta ya nazi kwenye chupa za maji
yanayoganda Julai na kuyeyuka Januari,
na malimau, rundo zima, mia tano kwa manne.
"Cha asili hakidhuru," huwaambia wateja.
Nami, mwenye cheti cha famasia na deni lake,
husimama nyuma yake Jumamosi
nikihesabu chenji, nikimeza neno.

Upupu nao ni wa asili, shangazi.

Neno lilinitoka siku aliyokuja Tausi,
binti wa mshona mapazia, mtandio umeziba shavu.
Alijipaka limau alfajiri, kisha akasimama
foleni ya kitambulisho mpaka saa saba, jua la Februari.
Siku ya pili malengelenge,
na yalipokauka, weusi
wenye umbo la tone lililochuruzika hadi taya.
Shangazi alilitazama lile tone.
Akayaondoa malimau mezani,
tukayala na samaki wiki nzima.

Kisha akaninyooshea mikono miwili:
"Wewe uliyesoma. Nionyeshe mnavyojua."

Tukaanza chumbani, Mtoni kwa Azizi Ali,
kwa ngozi yake kavu kama ganda la muhogo.
Kushoto nazi, kulia mafuta mazito ya kopo,
wiki nne, kurasa za nyuma za daftari la madeni.
Nilitaka asijue mkono upi una nini.
Akanusa, akacheka:
"Mtoto, nazi haifichiki."
Majirani sita wakajiunga, watatu wakapotea:
mmoja msiba Kilwa, mmoja alisahau,
mmoja alipaka nazi mikono yote
kwa sababu mumewe aliisifia.
Watatu si utafiti, nikasema. Ni baraza.

Matokeo: mikono yote ililainika. Sawasawa.
Shangazi alinuna siku mbili,
nazi yake kulingana na kopo la kiwandani!
"Ni sare," nikamwambia.
Akafikiri. "Sare ugenini ni pointi."

Usiku nilimsomea ya wengine, waliopima kuliko sisi.
Manjano: majaribio machache, madogo,
yanatia moyo, hayatoshi; lenye uhakika ni shuka za njano.
Shubiri kwa kuungua kidogo: huenda.
Mwarobaini, unaotibu arobaini:
"Wamethibitisha mangapi?" akauliza.
Nikafunua kurasa, nikafunua. "Hawajafika mbali."
Mkorogo wa mlango wa tatu: zebaki ikiwemo,
hufika kwenye figo, haiishii usoni.
Na liwa?
"Liwa inanukia kama siku ya harusi ya mama yako," akasema.
"Hiyo usiniandikie."

Jumamosi iliyopita alikuja mwanamke, viatu vya ofisini.
"Hii itaondoa madoa?"
"Paka kwanza ndani ya kiwiko, ungoje siku mbili."
"Lakini itaondoa?"
Shangazi akafuta mikono kwenye kanga.
"Sijui," akasema,
jina lake mwenyewe, katika wakati uliopo.
Nikamngoja mteja aondoke.
Akakunja mkono wa blauzi.

Tausi bado hupita na vitambaa vya mama yake.
Lile tone limefifia; ilichukua mwaka,
sasa lazima uambiwe lilipokuwa.
Wanawake humsimamisha, wanamshika kidevu,
wanamgeuza uso kwenye mwanga:
umepaka nini, mwenzetu?
"Sikupaka kitu," anasema.
Hawamwamini.